Bajaji ndefu ya harusi: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mbagala Rangi Tatu, nina bajaji mbili za kukodisha. Harusi zote za mjini naona wanapamba magari yaleyale, nami nimepata wazo la kutengeneza bajaji ndefu ya kubebea maharusi. Nataka ifike mita sita, iwe na viti vinane vya kutazamana, mapazia, taa za rangi, sabufa, na kiti cha maharusi kinachonyanyuka hadi kutokeza juu ya paa wakati wa kupiga picha. Fundi wa kwanza alicheka akaniambia nisimpotezee muda. Wa pili anasema ataikata katikati, aunge bomba na mabati, na ndani ya wiki kazi imekwisha. Nimsikilize yupi? Au wazo lenyewe ni la kipuuzi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokuuma. Hapana, wazo si la kipuuzi. Nimekaa kwenye gereji za Gerezani na Buguruni zaidi ya miaka thelathini nikinyoosha bodi, nikiunga chesisi na kujenga bodi za mabasi, na watu walioniletea wazo ambalo sijawahi kulisikia naweza kukuhesabia kwa vidole. Kiti cha maharusi kinachochomoza juu ya paa la bajaji ni wazo la aina hiyo. Urefu wa mita sita sio. Jibu langu lote limo kwenye tofauti hiyo, na nitalieleza bila haraka kwa sababu kuna watu watapanda hicho chombo wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote maishani.

Magari ya namna hii sisi mafundi tunayaita ya kufuru. Mtu anachukua kitu cha kawaida kinachopendeza, iwe taa, tairi, urefu au sauti, anakisukuma hadi pale ambapo wenzake wangesema basi, halafu yeye anapita. Nayapenda kwa moyo wote. Lakini nimeyaona mengi yakifia uwanjani kabla ya kumaliza mwezi, na ugonjwa ulioyaua ni uleule: mwenye gari alitaka kufuru tano kwa mpigo, wakati mfuko wake na mifupa ya gari vilitosha moja. Kwenye barua yako nimehesabu tano. Urefu, wingi wa viti, taa, muziki, kiti.

Tazama alivyokwenda Bob Chandler wa St. Louis, Marekani. Alikuwa na pikapu ya Ford F-250 ya mwaka 1974 na mguu mzito kwenye mafuta, kwa hiyo gari likawa linamvunjikia. Akafunga matairi makubwa zaidi, ekseli zikakatika. Akafunga ekseli nzito za malori, sasa injini ikawa haitoshi. Akabadili injini. Kila alipokuza kitu kimoja alirudi chini kukuza kile kinachokibeba, miaka nenda rudi, hadi mwaka 1981 gari lile, aliloliita Bigfoot, likapanda juu ya magari mabovu na kuyaponda. Mwaka 1986 akatoa Bigfoot 5 yenye matairi ya kimo cha futi 10, kama mita tatu kila moja, matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya misafara ya jeshi la Marekani kule Alaska. Linazidi tani 12. Ukilitazama huoni rangi, huoni taa, huoni viti. Unaona matairi. Kitu kimoja kimefikishwa mwisho na vingine vyote vimekubali kuwa watumwa wake. Ndiyo maana hadi leo watu wanasimama mbele yake wakiwa midomo wazi.

Sasa huo urefu. Mwanangu, mbio za urefu zilishakimbiwa zikaisha. Mwaka 1986 huko California, Jay Ohrberg alitengeneza limuzini kutokana na Cadillac Eldorado za mwaka 1976, akaiita American Dream. Ilianza na futi 60, yaani mita 18 na kidogo, ambao ni urefu wa basi la mwendokasi lile lenye kiungo katikati. Baadaye akairefusha hadi futi 100. Magurudumu 26, injini mbili, moja mbele na moja nyuma, bwawa la kuogea na jukwaa la kutulia helikopta. Ikatelekezwa miaka mingi ikaoza, wakaja watu wengine wakaifufua, na mwaka 2022 watu wa kitabu cha rekodi cha Guinness wakaipima mita 30.54. Mbele ya hiyo, bajaji ya mita sita haimshangazi mtu kwa urefu wake. Itamshangaza kwa sababu ni bajaji, basi. Na ili ionekane ndefu haihitaji mita sita. Bajaji ya kawaida ina mita 2.6 hivi. Ikifika mita nne na nusu jicho limeshachanganyikiwa.

Huyo fundi wa wiki moja ndiye anayenitisha, na nitakwambia anachoenda kukifanya. Bajaji haina chesisi ya reli mbili kama lori. Bodi yenyewe, lile bati lililokunjwa, ndiyo mgongo. Ukilikata katikati umekata uti wa mgongo, halafu unamtaka mgonjwa abebe watu wanane. Bomba la kuungia lina tabia moja ambayo kila anayerefusha gari anapaswa kuijua kama anavyojua jina la mama yake. Bomba lilelile, mzigo uleule ukikaa katikati, ukiongeza urefu mara mbili halipindi mara mbili. Linapinda mara nane. Dawa iko kwenye kimo: bomba likiwa refu zaidi kwenda juu, ugumu wake unaongezeka kwa kasi hiyohiyo ya ajabu, mara nne hadi nane ukikiongeza kimo mara mbili, kutegemea unene wa kuta zake. Kwa hiyo skwea paipu ya inchi mbili kwa nne ikilazwa chali ni kitu kimoja, ikisimamishwa kwa ubavu ni kitu kingine kabisa, ingawa umeinunua kwa bei ileile. Mafundi wengi huilaza ili sakafu isipande. Wanakuokolea inchi mbili na kukupa gari linalonesa kama kamba ya kuanikia nguo.

Naijua hiyo kamba kwa sababu nimewahi kuitengeneza mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya 2000 mteja mmoja aliniletea Toyota Corolla, akataka niirefushe mita moja na nusu iwe gari la harusi. Nilikata, nikaunga, nikafunika kwa bati zuri, nikapiga rangi nyeupe iliyong'aa hata jirani zangu wa gereji wakaja kupiga picha. Tukaijaribu ikiwa tupu, ikaenda vizuri. Jumamosi ya harusi wakapanda watu sita. Walipofika ukumbini Magomeni, milango miwili ya kati ikakataa kufunguka. Gari lilikuwa limezama katikati kiasi cha sentimita chache tu, lakini sentimita hizo zilitosha kubana fremu za milango. Bibi harusi akatolewa kwa mlango wa mbele, akipitishwa juu ya viti, gauni likachanika mbele ya wakwe. Nilirudisha pesa yote na bado niliona haikutosha. Tangu siku hiyo sijawahi kukabidhi gari nililolirefusha bila kulipakia mzigo kamili kwanza.

Bajaji ina hatari ya pili ambayo Corolla ile haikuwa nayo. Chukua chaki uchore pembetatu chini: tairi la mbele kona moja, ya nyuma kona mbili. Uzito ukibaki ndani ya pembetatu, bajaji imesimama. Kwenye kona uzito ukisukumwa nje ya mstari, inalala. Kiwandani abiria wamewekwa nyuma karibu na ekseli, pembetatu ilipo pana. Ukiirefusha na kupanga viti vya kutazamana, nusu ya wageni wako watakaa katikati ya chombo, ambako pembetatu imebaki nusu ya upana wake. Halafu unataka kuwanyanyua maharusi juu ya paa. Hapana. Kwa magurudumu matatu, hapana, na hili halina majadiliano. Injini yenyewe ni ya sisi 200 hivi, imetengenezwa kubeba dereva na abiria watatu, na breki zake zimepimwa kwa uzito huohuo. Watu tisa, betri, spika na mitambo vikiteremka mlima wa Kimara, hutakuwa na cha kusimamishia.

Kwa hiyo fundi wa kwanza alikosea kukufukuza, ila alichokiogopa ni cha kweli. Hasira yake isikukwaze. Rudi kwake na mchoro.

Mchoro gani? Hapa tunafika kwenye siri ya kazi, na si yangu peke yangu. Magari ya kufuru yaliyodumu, mengi ni yale ambayo kinachoonekana si kile kinachobeba. Mwaka 1998 Mwingereza Ed China aliingiza sofa barabarani, sofa la sebuleni, likakimbia kilomita 140 kwa saa. Chini ya mito kulikuwa na injini ya Mini ya sisi 1,300 na fremu ya chuma inayojitegemea. Miaka karibu tisini kabla yake, 1910, mhandisi mmoja tajiri wa Calcutta, Robert Nicholl Matthewson, aliagiza Uingereza gari lenye umbo la bata maji mkubwa mweupe. Mdomo wake ulirusha maji ya moto kufukuza watu njiani, honi ilikuwa na vibonye kama kinanda, na nyuma palikuwa na vali ya kudondosha chokaa ili ionekane ndege ameacha kinyesi barabarani. Lilizua taharuki hadi polisi wakalipiga marufuku. Lakini chini ya manyoya yale palikuwa na chesisi ya kawaida ya kampuni ya Brooke ya Lowestoft, iliyojengwa na watu wanaojua kazi, na gari lenyewe lipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Louwman kule Uholanzi. Zaidi ya miaka mia moja. Manyoya yalikuwa ya mbao na plasta, mifupa ilikuwa mifupa.

Wewe mifupa yako ni kirikuu.

Tafuta Suzuki Carry, ile pikapu ndogo, iliyochoka bodi lakini nzima chesisi. Hizi za sisi 660 zinazotoka Japani zina upana usiozidi mita 1.48 na urefu usiozidi mita 3.40, maana sheria yao ndiyo inayowapa kipimo hicho. Bajaji ina upana wa mita 1.3. Tofauti ni sentimita kumi na nane, tisa kila upande, ndizo utakazolipanulia bati la bajaji lipite juu ya bodi ya kirikuu bila mtu kutambua. Hakikisha utakayoipata ina reli mbili za chesisi. Inavuta kwa nyuma, ina breki za kusimamisha mzigo, ina rivasi ya maana, na fundi wake yupo kila mtaa. Ukiongeza mita moja na kidogo kati ya ekseli unapata mita nne na nusu zako.

Mbele unaweka pua ya bajaji halisi, kioo chake na taa yake moja, na tairi lake moja likining'inia. Ndiyo, likining'inia: sentimita kumi na mbili kutoka ardhini, kwenye mkono wenye springi laini ili likigonga tuta lipande lenyewe. Magurudumu mawili ya kweli ya mbele yanafichwa nyuma ya bati la pembeni lililopakwa rangi nyeusi. Usukani uache pale ulipo, kulia. Usishawishike kufunga mikono ya bajaji ili kukamilisha sura. Nimeona mtu akifanya hivyo kwenye gari dogo, na kwenye kona ya kwanza mikono ilikuwa inamzungusha yeye.

Viti vinane navyo viache. Kule Japani kirikuu kinaruhusiwa kilo 350 nyuma. Najua hapa kwetu tunakipakia mchanga hadi springi zinanyooka, lakini mchanga ukimwagika unazolewa. Bibi harusi, bwana harusi na wapambe wao wawili. Wanne, ukiwapa kilo 75 kila mmoja ni kilo 300, na hamsini inabaki ya viti na mapambo. Mtambo wa kiti nao una uzito, kwa hiyo springi za nyuma ziongezewe jani na breki za nyuma zifunguliwe zote upya. Wageni wengine wapande magari yao. Na matarumbeta yana pikapu yake siku zote, inatangulia mbele.

Sasa kiti, na hapa naomba usome polepole.

Kusini mwa California kuna watu wanaoshusha magari hadi tumbo linakaribia lami. Tarehe 1 Januari 1958 ikaanza sheria iliyokataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Askari wakaanza kuwasimamisha. Mwaka uliofuata kijana mmoja, Ron Aguirre, akafunga pampu za haidroliki kutoka kwenye ndege kwenye Corvette yake. Akitaka kulaza gari analaza, akiona polisi analinyanyua. Baadaye wenzake wakagundua pampu zilizo rahisi kupatikana, zile za umeme za kunyanyulia mlango wa nyuma wa malori, na kutoka hapo magari yakajifunza kuruka na kucheza. Yaani katazo lile ndilo lililozaa kufuru kubwa kuliko ile iliyokatazwa. Nakuambia haya kwa sababu kiti chako kitatumia pampu hiyohiyo, ya volti 12, na kwa sababu nawe utakutana na makatazo, mengine yatoke kwangu.

La kwanza: kiti kinyanyuke gari likiwa limesimama tu. Usimwachie dereva akumbuke. Waya wa pampu upite kwenye swichi ya hendibreki, kiasi kwamba hendibreki isipovutwa umeme haufiki. Kuna dereva mmoja siku moja atashangiliwa sana darajani pale Tanzanite, upepo wa bahari unapuliza, wapiga picha wanamwambia sogea kidogo, naye atataka kusogea. Swichi haishangiliwi.

La pili: mpira wa mafuta ukipasuka, kiti kisishuke kama ndoo kisimani. Funga vali ya kuzuia kwenye silinda yenyewe, si kwenye pampu, ili mpira wote ukikatika mafuta yabaki ndani ya silinda. Na kiti kikifika juu, pini mbili za chuma ziingie kwenye matundu na kukishika, mafuta yawepo yasiwepo.

La tatu ni kimo. Nyanyua sentimita 70, si zaidi. Maharusi watatokeza kuanzia kiunoni, picha itapatikana, na watakuwa chini ya nyaya za umeme za mitaani ambazo kwingine zimelegea hadi unaogopa kupita na ngazi begani. Weka reli ya kushika mbele na nyuma, izungushiwe maua, hakuna atakayejua kuwa ni ya usalama. Chini ya kiti, mikono ya mkasi inayonyanyua ifunikwe kwa turubai la mikunjo. Vidole vya watoto wa mashangazi vinapenda sana mahali kama hapo, na gauni lenye mkia linapenda zaidi.

La nne linahusu paa. Tundu la kupitisha kiti limekula nguvu ya paa, kwa hiyo usilihesabie paa kwamba linabeba chochote. Sakafu peke yake ndiyo daraja. Chesisi ya kirikuu ukishaiongeza, iwekee skwea paipu zilizosimama kwa ubavu pande zote mbili toka ekseli hadi ekseli, na chini ya kiti weka msalaba wa kuzifunga zisicheze.

Namna ya kuunga: usikate reli zote mbili kwenye mstari mmoja. Kulia kata mbele kidogo, kushoto nyuma kidogo, na mkato uwe wa mshazari, usiwe wima. Ndani ya kiungo ingiza bamba linalopita pande zote mbili za mkato, angalau sentimita ishirini kila upande. Tumia vijiti vya kuchomelea vya namba 7018, na viwe vikavu, maana unyevunyevu wa Dar unaingia kwenye pakiti iliyofunguliwa asubuhi, na kijiti kilicholowa kinaacha nyufa ambazo huzioni hadi siku zinapokuona wewe. Betri itolewe kabla ya kuchomelea. Namba ya chesisi isiguswe na mashine ya kusagia hata kidogo. Ukimaliza, mwaga rangi ya kuzuia kutu ndani ya mabomba na uache vitundu chini vya kutolea maji, chumvi ya bahari haina huruma na bomba lililozibwa.

Propela shafti, lile bomba linalopeleka mzunguko wa injini kwenye ekseli ya nyuma, ndiyo wengi wanayoisahau. Ukiirefusha kipande kimoja itaanza kupiga kama mjeledi ikifika mwendo fulani, na kadiri ilivyo ndefu ndivyo mwendo huo unavyokuwa mdogo. Ukiongeza urefu mara mbili unashuka hadi robo. Ikatwe vipande viwili na katikati ifungwe senta beringi kwenye msalaba ule wa sakafu. Mpelekee fundi wa kukereza mwenye mashine ya kubalansi, usikubali ya kubalansi kwa macho.

Muziki na taa vitanichukua mistari michache kwa sababu ndivyo vinavyotengenezeka kwa urahisi na ndivyo vinavyoharibu kazi. Sabufa ya wati 1,000 kwa volti 12 inataka ampea zaidi ya 80, na altaneta ya kirikuu haina ampea hizo. Siku ambayo sabufa na pampu ya kiti vitadai umeme kwa pamoja, injini inaweza kuzima maharusi wako wakiwa juu. Weka betri ya pili kwa ajili ya kiti peke yake, au chagua spika ndogo. Mimi ningechagua spika ndogo. Taa weka za ledi, nyeupe ya joto, zifuate mstari wa paa tu, kila mzunguko na fyuzi yake. Za bluu na nyekundu za kumweka waachie polisi na magari ya wagonjwa. Watu wakiangalia chombo chako macho yaende kwenye kiti.

Kuhusu karatasi: kirikuu kina kadi yake TRA, kwa hiyo umebadilisha bodi ya gari linalojulikana, na hiyo ni hadithi nyepesi kuliko kueleza bajaji ya mita sita ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Mabadiliko yaandikishwe, bima ijue chombo kilivyo sasa, na kwa kuwa utalipwa kubeba watu, uliza LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, kabla hujanunua hata kijiti kimoja cha kuchomelea. Nenda na picha na vipimo. Ongea nao kama mtu anayetaka kuelekezwa, usiende kama mtu aliyekamatwa.

Kabla ya yote hayo, kuna kazi ya siku moja isiyo na gharama. Chora chombo chako chini kwenye sakafu ya gereji kwa chaki, ukubwa kamili. Panga viti vinne vya plastiki. Muombe dada au shangazi aliyeolewa karibuni aje na gauni lake la harusi, lile lenye mkia, na shela. Apande, akae, ainuke, ashuke. Utashangaa gauni linavyokula nafasi ya watu wawili, na utajua mlango unataka upana gani na ngazi ya kupandia inataka kimo gani. Nilipojenga basi langu la kwanza nilipima mlango kwa mwili wangu mwenyewe, na akina mama wenye vikapu wakanifundisha.

Ukimaliza kuunga, usipige rangi. Rangi ikishapigwa fundi anakuwa mwoga wa kurudia kazi, nami nimekuwa mwoga huyo. Funga uzi chini ya chesisi toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, uvute ukaze, upime nafasi kati ya uzi na chuma pale katikati. Kisha panga mifuko minane ya saruji, ya kilo hamsini kila mmoja, mahali watakapokaa watu, minne kati yake iwe juu ya kiti chenyewe. Nyanyua kiti, ingiza pini, acha mzigo ulale hapo usiku kucha. Asubuhi pima tena. Endesha na mzigo huohuo kwenye uwanja wenye mashimo, funga breki kwa ghafla mara kumi, kata kona pande zote mbili, rudi upime mara ya tatu. Ukikuta chuma kimesogea na hakijarudi, kata ule msalaba uanze tena, na usimwonee haya mtu yeyote. Ukikuta kipo palepale, nenda kwenye mlango wa bibi harusi, saruji ikiwa bado ndani, ujaribu kuufungua kwa kidole kimoja. Ukifunguka, ndipo uende dukani kuchagua rangi.